Chokaa ya Fundi Twalibu

Ami yangu Twalibu hakujenga nyumba mpya hata moja maishani mwake. Yeye mwenyewe alikaa kwenye nyumba ya udongo pale Masaki, kijiji chetu cha vilimani nyuma ya Pugu, jirani na kwetu, na kazi yake ilikuwa kuuguza majengo ya mawe yaliyoachwa na watu waliokwisha kufa. Tangu Waingereza walipoingia, ukuta wa zamani ukipasuka Dar es Salaam au Bagamoyo, aliitwa yeye. Aliugonga kwa kidole, akasikiliza, akaonyesha mahali penye ugonjwa. Kwa watu alikuwa mkali, lakini kwa kuta alikuwa na subira ambayo mkewe, Bi Biubwa, alisema hajawahi kuionja.

Umri uliposogea akaacha safari za kazi, akabaki nyumbani kwa ajili ya jengo moja tu, msikiti wetu wa mawe uliojengwa na babu yake. Ukuta wa kibla ulikuwa na ufa unaoingia kiganja. Sisi tuliona ufa tu, yeye aliona ukuta mzima unaelemea nje. Akaagiza mawe ya chokaa yaliyochomwa pwani, yakaja kwa treni mpaka Pugu, yakapandishwa huku kichwani. Akayamwagia maji shimoni mpaka yakachemka na kulainika, kisha akalifunika shimo kwa mbao.

"Chokaa changa haishiki," alisema. "Hii italala miaka mitatu."

Tulimcheka sana, tukasema Fundi Twalibu analea shimo.

Mwaka wa tatu wa chokaa ile ulikuwa 1937. Mwezi mmoja kabla ya masika, shemeji yake akafariki Kongowe, naye akaenda msibani. Aliaga akisema akirudi tu anaanza kazi.

Kesho yake Jumbe Pazi, mkubwa wa kijiji, akapata habari kuwa Bwana Mkubwa wa serikali atapita barabara yetu. Jumbe akawa hakai wala halali. Barabara ifyekwe, mawe yapangwe kandokando, yapakwe rangi nyeupe yote! Dukani hapakuwa na chokaa hata kibaba. Akatukusanya wanawake, akauliza nani anajua pa kuipata.

Niliyejibu ni mimi, sitamsingizia mtu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilitaka Jumbe alijue jina langu.

"Shikamoo Jumbe. Ipo kwa ami, shimo zima."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani? Una akili wewe!"

Bi Biubwa alisimama mlangoni akisema, "Jamani, msubirini mwenyewe," lakini tarishi wa Jumbe alikwisha kuinua mbao. Chokaa ilikuwa laini kama samli. Tulipaka mawe, tukapaka na mashina ya mikorosho, tunaimba, tunarushiana matone usoni. Naona haya kusema, lakini ile ilikuwa siku ya furaha. Adhuhuri shimo lilikuwa tupu.

Bwana Mkubwa hakuja. Tulisikia alikata njia nyingine.

Ami alirudi siku ya nne. Aliyaona mawe tangu kwenye kona, akainama, akalipitishia moja kidole gumba.

"Imeiva," alisema. "Imeiva kabisa."

Jumbe akamwambia, "Si chokaa tu, fundi? Tutakununulia nyingine."

"Na miaka mitatu utaninunulia wapi?"

Alinunuliwa nyingine. Akaipaka ikiwa changa, kwa kuwa mawingu yalikwisha kutanda na hakuwa na la kufanya. Ikabanduka vipande vipande. Akaegemeza magogo nje ya ukuta. Mvua ilipopamba moto alikaa ndani ya msikiti, ameuwekea ukuta viganja viwili, mtu mzima, hata watu wakawa wanageuza nyuso. Siku ya nane walimtoa kwa nguvu. Kibla ilianguka baada ya alasiri, na waliokuja kuswali magharibi walielekea mvua.

Hakugonga ukuta wa mtu tena. Waliokuja kumwita kutoka Dar aliwajibu kuwa masikio yamekufa. Msikiti ukajengwa upya kwa saruji na mafundi wengine, naye akaswali humo kama mgeni.

Miaka kumi na minne nilinyamaza. Nilimpikia, nikamfulia, nikamwita ami, na neno lile, kwamba aliyelitaja shimo kwa Jumbe ni mimi, halikunitoka. Alipolala kitandani mara ya mwisho, nilikuwa namnywesha uji.

"Mwanaasha," akasema, "mawe ya barabarani bado meupe?"

Yalikuwa meupe. Masika kumi na manne hayakuweza kuitoa chokaa ile.

"Bado, ami."

"Basi uliyapaka vizuri," akasema, akafungua kinywa nimpe kijiko kingine.