Kabati Lililopigiliwa kwa Ndani

Wewe unayetikisa kichwa kabla sijaanza, panda basi uende Ushirombo. Uliza nyumba ya binti yangu Zuhura, ufungue kabati lake la vyombo na uingize mkono mpaka nyuma kabisa. Pini utazigusa kwa vidole vyako mwenyewe. Haya sikusimuliwa na mtu. Kabati nililichonga mimi, na yaliyolipata niliyaona nikiwa na akili zangu timamu.

Ilikuwa miaka ya themanini, tukiishi Katoro. Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa fundi wa kuziba pancha. Mimi nilishika randa. Nilikuwa mwanamke pekee mtaani aliyefanya kazi hiyo, na niliiweza kweli kweli, sisemi kwa kujisifu. Au basi, najisifu, kuna ubaya gani? Viti, meza na vitanda vya nyumbani kwetu vyote vilitoka mikononi mwangu.

Shemeji yangu akaniletea kifaa kutoka Shinyanga mjini, watu wakawa wanakuja kukishangaa. Unakishika kama bastola, unakiunganisha na mpira wa mashine ya upepo, unakibana kwenye mbao, unavuta kidole. Tap! Pini imezama. Sisi tulikiita bunduki ya pini. Kwa mgongo wa kabati hakina mpinzani, maana hadibodi, ule ubao mwembamba wa mgongoni, ukiigonga kwa nyundo inapasuka.

Mashine ya upepo ilikuwa ya Baba Zuhura, ya injini ya petroli. Aliinunua Nyarugusu kwa wachimbaji, ambao waliitumia kusukuma hewa shimoni. Mchana alijazia watu matairi, jioni nikaitumia mimi kwa pini zangu. Nikimaliza, nazima, naingia jikoni. Nani angewaza kwamba kuzima mashine nako kuna adabu yake?

Sasa sikiliza. Ilikuwa siku ya kuamkia harusi ya Zuhura. Asubuhi wakwe wangekuja kuchukua vyombo vya bibi harusi, na kwetu vyombo hivyo hupangwa uani, kila mtu avione na aseme lake. Kabati lilikuwa limekamilika ila mgongo. Petroli ilikuwa adimu nchi nzima, na dumu letu lilikuwa na tone la mwisho. Misumari ndiyo usiseme, madukani hata ya dawa haikuwepo. Baba Zuhura alikuwa amekwenda Nkome kutafuta samaki wa harusi. Nikamimina ile petroli yote, nikawasha. Kabati lisipoisha jioni ile, mwanangu ataondoka na sanduku lisilo na mgongo mbele ya wakwe.

Nilikuwa nimechomoa mpira ili nijaze pini, kama inavyotakiwa, ndipo mtu akaingia uani. Jua lilikuwa linazama. Alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope, kama ametoka kusaga unga.

"Mwadila, mayu," akanisalimu Kisukuma, salamu ya jioni kwa mama. Nikaitikia. Akasema anaomba upepo. Nikamuuliza baiskeli yake iko wapi.

"Si wa baiskeli," akasema. "Wa kuvuta."

Nilicheka, niamini. Nilidhani ni mlevi. Yeye hakucheka.

"Kule shimoni mwenye mashine hazimi mpaka aite," akasema. "Wakijibu walio chini, haizimwi. Wewe kila jioni unazima tu, mayu, na sisi bado tumo."

Hapo ndipo nikamtazama vizuri. Kifua chake hakikuwa kinapanda wala kushuka. Nimelea watoto, nimeuguza wazee, mtu anayepumua namjua. Huyu hakuwa anapumua.

Miguu ilitaka kukimbia, sikufichi. Lakini niliiona midomo yake, imekauka na kupasuka, nikaona huruma. Huyu ni mtoto wa mtu. Upande mwingine kuna kabati la mwanangu, na petroli haitoshi wote wawili. Ungefanyaje wewe?

Nilifungua bomba la tangi la mashine, lile linalohifadhi upepo. Upepo ukatoka kwa nguvu, naye akapiga magoti, akaweka uso pale, akavuta. Alivuta kama mtoto aliyecheleweshewa ziwa. Injini ikaanza kukohoa, petroli ilikuwa inakwisha. Nikakumbuka alichosema, nikaita kwa sauti, "Inazimika! Mpo?"

Ndani ya lile tangi la chuma pakagongwa. Si mkono mmoja. Mikono mingi, kwa pamoja.

Injini ikafa. Nilipogeuka, yule mtu hakuwepo, pamebaki vumbi jeupe alipopigia magoti. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikalia. Nililia kwa hofu, na nililia kwa ajili ya kabati.

Alfajiri Baba Zuhura alirudi na samaki wake, nikamsikia akiita kutoka uani. "Mama Zuhura, mbona mgongo umeupigilia kwa ndani?"

Nikatoka mbio. Mgongo ulikuwa umekaa, imara, pini zimepangwa mstari mmoja ulionyooka. Vichwa vya pini viko ndani, ncha zimetokeza nje. Fundi gani hufanya hivyo? Lazima awe amekaa ndani ya kabati, gizani, amejifungia. Bunduki ya pini tuliikuta humo humo, haina mpira, na chini yake vumbi jeupe.

Nikamweleza mume wangu yote. Akakaa chini pale pale. Ndipo akakiri kwamba mashine aliuziwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu aliyeilinda aliizima jioni moja bila kuita, na watu wakabaki chini. Niliyomwambia siku ile sitayarudia hapa.

Wakwe walilisifu kabati. Mmoja wao alipapasa nyuma, akachanwa kidole, akasema pini zangu ni kali kama mimi. Nilicheka naye.

Petroli ilipopatikana tuliwasha ile mashine kila jioni, bila kazi yoyote, tukafungua bomba na kuita. Majibu yakawa yanapungua, mpaka tangi likawa kimya. Lakini nadhani mmoja aliondoka na harusi. Zuhura halifungi kabati lake kabisa, huacha mlango wazi kidogo. Mumewe aliwahi kulitia kufuli, mara moja tu. Hodi aliyoisikia kutoka ndani ilimfanya aitupe kufuli chooni.

Kwa hiyo wewe unayenunua mashine ya upepo ya mtu, nunua, ni chombo kizuri, na bunduki ya pini itakurahisishia kazi. Ila jioni usiizime kimya kimya. Ita kwanza. Ukijibiwa, iache iendelee.