Mwanga wa Kipara cha Mwalimu Mkuu

Kwa miaka ishirini na mbili Babu Kamera alikuwa na ufundi wake mmoja, na aliuringia hadi kero. Kabla ya kupiga picha ya darasa, alipima mwanga kwenye kipara cha mwalimu mkuu, ambaye lazima akae katikati ya kila picha. Kipara chenyewe cheupe pe, kinang'aa, hakitikisiki. Ungepata wapi kitu bora zaidi?

Basi akaja mtafiti, dada mpole kupita kiasi, anayechunguza ubaguzi wa rangi shuleni kwa kutumia picha. Akatandaza picha za miaka sita kwenye sakafu ya ukumbi, akawagawia wanafunzi vifungo vya shati. Kila mtu aweke kifungo juu ya uso wake.

Watoto weupe walimaliza kufumba na kufumbua. Weusi, ambao kwenye picha walikuwa giza lenye meno tu, wakabaki wamepiga magoti, pua chini, wanagombania meno.

"Hayo yangu," alisema mmoja.

"Wewe si una pengo? Hayo yamejaa."

Mjukuu wa kike wa Babu Kamera, mweusi kama babu yake, hakugombana na mtu. Alirudisha kifungo mezani.

"Babu, mwaka huu mimi sisimami kwenye picha. Nisimame nisisimame, tofauti iko wapi?"

Mzee akajitetea kwamba mashine ndivyo ilivyo. Mtafiti akauliza tu, "Kwani mwanga unapimia wapi, baba?"

Mzee akakitazama kipara cha mwalimu mkuu, aliyesimama mlangoni: kamera iliyopangwa kwa weupe ule ndiyo iliyowatia weusi gizani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Siku ya picha alimfuata mjukuu darasani, akambembeleza, akapima mwanga kwenye shavu lake. Binti akasimama, midomo kaibenua. Picha ilipotoka, watoto weusi walikuwa na nyusi, vishimo vya mashavu, hata chunusi. Weupe walipauka kidogo. Mwalimu mkuu, uso umemezwa na mwanga, alikuwa miwani na tai tu, vinaelea hewani.

"Mimi niko wapi?" akafoka. "Rudia, na upimie pale pa siku zote."

Kazi zote za picha pale shuleni zilitoka kwa mtu huyu, na Babu Kamera alilijua hilo vizuri.

"Yako nitakupiga peke yako, mwalimu," akasema. "Hii hairudiwi."

Mjukuu alikuwa ameinamia picha, kidole juu ya uso wake mwenyewe.

"Kumbe nafanana na wewe, Babu."

Mzee akaenda nyuma ya pazia kubadilisha betri ambayo haikuwa imekwisha.