Macho ya Baba na Mbegu za Muhogo

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na ugonjwa wetu walimu ni kutojua wakati wa kunyamaza. Nafundisha Runazi, wilayani Biharamulo, lakini kwetu ni Bugarama, Ngara, na kila likizo naenda kuwasaidia wazazi shambani. Likizo ile nilikuta macho ya baba yamezidi kuharibika. Alinitambua kwa hatua zangu mlangoni, akaitikia shikamoo yangu akitazama ukuta. Daktari alikuwa amekwisha kusema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba madaktari wa upasuaji wa macho wangekuja hospitali ya wilaya kwa siku tano tu. Baba alikubali kwenda. Ningefunga mdomo, mambo yangeishia hapo.

Jioni moja tulikuwa tunakata mbegu za muhogo. Baba hana mchezo na mbegu. Ncha ya shina anaitupa kwa kuwa laini, kitako anakitupa kwa kuwa kigumu, anachukua katikati tu, kila kipande na vifundo vyake sita. Alivihesabu kwa kidole gumba, na vipande vyake vilikuwa vizuri kuliko vyangu mimi mwenye macho. Nikaona somo limejileta lenyewe.

Nikamwambia kijiti kile kilikwisha kukomaa kikawa shina, lakini ukikifukia, baadhi ya seli zake zinaacha kazi ya zamani na kuanza upya, zinakuwa mizizi. Mwili wa mtu hauna wepesi huo. Seli ikishakuwa ngozi, itabaki ngozi. Ila wanasayansi wamejua kuichukua seli ya ngozi ya mtu mzima, kuitia jeni chache na kuirudisha ilikotoka, ikawa kama seli shina za mimba changa, tayari kufundishwa kuwa moyo, au neva, au hata jicho. Kwenye jicho ndipo nilipoharibu.

Baba aliweka panga chini. Akauliza ngozi inayochukuliwa ni kiasi gani. Nikasema kidogo tu, kama ukucha. Akauliza kama inauma. Nikasema si sana, nikaendelea kukata vijiti vyangu nikijiona mwalimu bora wa kanda nzima.

Asubuhi akamtangazia mama kwamba hospitali haendi. Kwa nini apasuliwe jicho wakati kuna watu wanaoweza kumwotesha jipya? Ngozi anayo nyingi, alisema, wachukue hata ya mgongoni. Mama alinitazama kama mtu aliyemkuta mbuzi kwenye maharage. Jumapili, baada ya misa, jirani mmoja akanivuta kando kuniuliza kama na goti linarudishwa ujanani, na kama majina naandikisha mimi.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika sufuria zote zinajua. Nilimweleza baba kwamba majaribio yale ni ya sehemu ya nyuma ya jicho, na yeye tatizo lake ni lenzi iliyopata ukungu, kitu kinachobadilishwa kwa muda mfupi tu. Akajibu kwa upole kwamba yeye ni mkulima, kungoja anakujua. Siku ya kwanza ya madaktari ikapita, ya pili ikapita, ya tatu nayo. Nilimwomba mama anisaidie. Akasema mlango nimeufunga mimi, niufungue mwenyewe.

Siku ya nne nikamfuata shambani, nikakumbuka jambo. Kwetu mbegu ya muhogo hainyimwi mtu. Jirani akija kuomba, unamkatia. Lakini nilipokuwa msichana, ugonjwa wa batobato ulimaliza mihogo ya kijiji, na bwana shamba akaleta mbegu mpya za majaribio, zikapandwa kwetu. Watu walikuja kuomba, na baba akawanyima wote, hata shemeji yake, misimu miwili mizima. Aliitwa mchoyo mpaka kilabuni.

Nikamuuliza kwa nini aliwanyima.

"Ningewapa kitu nisichokijua?" alisema. "Nilitaka kwanza niione ikizaa, niile, niione tena."

"Na wao walikula nini misimu hiyo miwili?"

"Walipanda walichokuwa nacho."

Lililobaki lilikuwa gumu kumwambia mzazi. "Baba, hizi seli bado ziko shamba la majaribio. Nami sijui kama zitafika Ngara wewe ukiwa hai."

Alipapasa shina alilolishika, akatafuta kifundo, asikate.

"Ungesema hivyo siku ile, mama," alisema. Mama ndivyo anavyoniita tangu utoto wangu.

"Siku ile nilikuwa najionyesha."

Alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka kwa aibu na kwa furaha, maana nilijua amekubali.

Tulifika hospitali siku ya tano, ya mwisho, tukawa karibu na mkia wa foleni. Niliogopa kuliko yeye. Kama wangefunga kabla ya zamu yake, ningeishi na maneno yangu mwenyewe hadi madaktari watakaporudi, na hakuna aliyejua ni lini. Waliita jina lake jua limeanza kushuka. Walifanya jicho moja, la kulia.

Asubuhi muuguzi alimfungua bandeji, akanyoosha vidole mbele yake na kumuuliza ni vingapi. Baba alikuwa ananitazama mimi, na jicho lilikuwa linatoa machozi.

"Mama," alisema, "una mvi."

Nikamwambia ninazo mwaka wa tatu sasa.

"Hakuna aliyeniambia."

Muuguzi akarudia swali lake la vidole. Baba, bila kugeuza uso, akamwomba asubiri kidogo.