Mwenye Gari Kiti cha Nyuma

Mastura na mumewe walivuka Ruvuma kutoka Mtwara kwa likizo ya bei nafuu, wakakodi gari mjini Palma, Msumbiji, wapate faragha. Mume akashika usukani; mwenye gari, mzee mmoja, akapanda nao, akaketi nyuma. "Nimekukodisheni, sikukupeni," alisema kwa upole. Njia nzima mguu wake ulikanyaga breki isiyokuwepo, na kwenye kila shimo aliguna, akipapasa mlango kama shavu la mtoto. Walipofika kijiji cha Quionga alivaa kofia, akaomba waende polepole, akatazama mbele tu. Kwenye baraza moja mwanamke alikuwa akikuna nazi.

"Mtalaka wangu huyo. Alisema sitamiliki hata baiskeli. Ametazama?"

Mastura aligeuka. Mwanamke hata kichwa hakuinua. Mastura akamhurumia mzee. "Ametazama sana."

Mzee akamgusa dereva begani. "Basi geuza, mwanangu, tupite tena."