Sikio la Tepu

Fundi umeme wa mtaa wetu ana mikono mipana ya kubebea zege, lakini akifunga waya huwezi kuamini macho yako. Huzungusha tepu nyeusi taratibu, kisha ncha yake huikunja kama sikio dogo. "Atakayekuja kufungua asing'oke kucha," husema. Kila waya, sikio. Jana nilimpelekea gari kuukuu nililouziwa juzi juzi, maana mshale wa chaji kwenye dashibodi uliganda katikati hata nikizima injini. Akaliwasha, akapima betri kwa mita yake, akaguna. Volti kumi na sita, badala ya kumi na nne! Betri inatokota, nami nabeba wanangu kila asubuhi nikijua mambo shwari. Akachomoa kile kipimo cha chaji kwenye dashibodi, akafungua kioo chake. Mshale ulikuwa umebandikwa kwa gundi.

"Mshenzi gani huyu?" alifoka kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Mtu hana hata mama?" Akakigeuza nyuma. Nikachungulia. Kwenye waya palikuwa na tepu nyeusi, na sikio dogo limekunjwa vizuri. Kidole chake kikaligusa, kikaruka kama kimepigwa shoti.

"Yule aliyekuuzia," alinong'ona, "aliniapia hataliuza gari hili, ndipo nikambandikia."