Siku Tatu Nilizojificha Karavanini

Mume wangu alipokuja kuniambia kwamba tumepata nyumba, hakusema kuwa nyumba yenyewe ina magurudumu. Alisema iko pwani, ina vitanda vitatu, jiko na sinki, na kodi hakuna. Mimi na mama yake tulikuwa tumekaa miezi minane katika chumba cha kuazima huko Matrah, nyuma ya ghala la tende, na niliposikia habari ya sinki nikaona tumeokoka. Tukapakia mizigo nyuma ya lori la kazini kwake, mama tukamkalisha mbele na dereva, tukaenda.

Ulikuwa mwaka wa nne tangu tutoke Unguja. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo, na kazi za mafuta zilikuwa zimeanza upande wa magharibi wa mji, basi hakuhangaika sana kupata kibarua. Wazungu waliokuja kupima ardhi walikuwa wamejitengenezea kambi ya kupumzikia ufukweni, upande wa Qurum. Walijenga vibanda vitatu vya makuti ya mtende na bafu la matofali lisilo na paa, na katikati wakaweka karavani moja ya bati, nyeupe, iliyokokotwa na lori mpaka pale. Kazi yao ilipokwisha wakenda zao, karavani ikabaki. Mume wangu akaambiwa akae humo na jamaa zake, ailinde kambi.

Niliposhuka kwenye lori nikaitazama, nikamtazama yeye, nikasema, "Hii ni gari."

"Ni nyumba," akasema. "Gari ina injini."

Mama mkwe wangu alikuwa mtu mzima wa miaka sabini kasoro, mwembamba, mwenye haya. Alizaliwa huku huku Omani, kwenye kijiji cha bara, akachukuliwa Unguja angali mtoto, akaolewa huko, akazaa huko, akazika mume huko. Alipanda vile vidaraja viwili vya chuma, akaingia ndani kwa mguu wa kulia, akapiga bismillahi, akakaa kwenye kitanda cha kwanza alichokiona.

Niseme kweli, mimi nilikuwa na maringo. Kwetu Unguja tulikuwa na nyumba ya ghorofa, na sebule ambayo wageni wakiingia wanavua viatu bila ya kuambiwa. Sasa nilikuwa naishi ndani ya bati ambalo nikinyoosha mikono miwili nagusa ukuta huku na huku. Meza ya kulia ndiyo iliyokuwa kitanda changu na mume wangu, kila jioni ikishushwa na kutandikwa. Pa kusalia palikuwa mahali pamoja tu panapoelekea kibla sawasawa, baina ya jiko la gesi na mlango, na ukisujudu kichwa kinagonga mtungi. Saa nne ya asubuhi bati limeshapata moto, hata kijiko hukishiki. Mume wangu akatujengea kivuli cha makuti juu ya paa, joto likapungua kidogo. Maji yaliletwa na lori mara mbili kwa wiki, yakimiminwa kwenye pipa. Nilijifunza kukoga kwa makopo mawili na kufua kwa maji yaliyooshewa mchele. Hayo yote niliyazoea upesi kuliko nilivyodhani. Kitu ambacho sikukizoea ni kutikisika. Karavani ilikaa juu ya jeki nne, na mchanga ulikuwa laini, basi mtu akigeuka kitandani nyumba nzima inayumba. Ukipika inayumba, ukikohoa inayumba.

Hatua mia mbili kutoka kwetu kulikuwa na nyumba saba au nane za wavuvi, za makuti. Siku ya pili tu, baada ya mume wangu kuondoka kazini, nikasikia sauti za wanawake nje. Nikasogeza pazia kidogo. Walikuwa watano, wamejitanda kanga za rangi rangi, na mbele yao bibi mmoja wa makamo, mwenye barakoa usoni na miguu iliyopasuka visigino. Akaita, "Hud! Hud!" Ndivyo wanavyobisha wao, na mtu wa Unguja hahitaji kufasiriwa.

Mama akainuka. "Wageni hao, mkamwana. Fungua."

Nikaangalia ndani. Kahawa sina, vikombe ninavyo viwili na kimoja kimevunjika mkono. Nguo zetu za ndani zimeanikwa juu ya sinki. Watu watano hawaingii, na wakiingia watakaa wapi, juu ya mapaja ya wenzao? Na Kiarabu changu kilikuwa cha msahafuni. Kusoma najua, kupiga soga sijui. Nikawaona kichwani mwangu wale wanawake wakirudi kwao wanasimulia namna jamaa waliotoka Zinjibari wanavyoishi ndani ya kopo na hawana hata kahawa ya kumpa mgeni. Nikamshika mama begani nikamkalisha.

"Nyamaza, mama. Watakwenda."

"Tusiwajibu?"

"Usitikisike, mama, tafadhali. Watajua tupo."

Akanitazama. Kisha akaiweka mikono yake juu ya magoti, akatulia tuli, hata tasbihi akaacha kuivuta. Nami nikasimama pale pale nilipokuwa, mguu mmoja mbele. Wakabisha mara tatu kama dini inavyotaka, wakasubiri kidogo, wakaondoka.

Kesho yake wakaja tena, saa ile ile. Mama safari hii hakuniuliza kitu. Aliposikia "Hud" alijikalia mwenyewe mikono magotini, kama mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa. Siku ya tatu vile vile. Siku hiyo niliona machozi yanamtoka, nikajifanya sikuona, maana nikiyaona itabidi nifungue mlango. Walipoondoka nikachungulia nikakuta kwenye kidaraja sinia la tende limefunikwa kwa kawa.

Jioni mume wangu akauliza tende zimetoka wapi. Nikasema zimeletwa na jirani, na kwamba hakukaa, ana haraka zake. Akauliza kama watu wa pale wanatutembelea, kwa sababu alikuwa anamhurumia mama kukaa pweke. Nikamwambia, "Watu wa hapa hawana habari na sisi." Mama alikuwa pale pale, anamenya kitunguu. Akaendelea kumenya.

Tende zikaliwa, sinia likabaki. Kwetu mtu akikuletea chakula huwezi kumrudishia chombo kitupu, na mimi sikuwa na cha kutia. Nilitaka kwanza nipate unga mzuri na sukari nipike visheti, niwaonyeshe kuwa na sisi ni watu. Unga ukachelewa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sinia la watu limeegemea ukuta, nami kila nikipita nalipa kisogo.

Siku moja nikatoka kwenda bafuni kufua. Niliporudi, kitanda cha mama kitupu na sinia halipo. Nikatoka nje nikamwona kwa mbali, anakwenda pole pole mchangani, sinia kichwani kama msichana. Nikataka kumwita, nikaona nikipiga kelele watanisikia. Nikaingia ndani nikakaa.

Alirudi alasiri, macho yanang'aa. Akaniambia kwa upole, wala hakunisimanga, "Mkamwana, wale hawakuja kunywa kahawa yako. Walikuja na kahawa yao. Ndio ada ya hapa. Mgeni akihamia, majirani humletea birika na tende na mkeka wao, huketi mlangoni kwake mpaka azoee. Mgeni hatoi kitu. Nilikuwa n'shasahau, mpaka leo waliponiambia ndio nikamkumbuka mama yangu akifanya vivyo hivyo."

Nilikuwa nimewafungia mlango watu waliokuja kunikirimu, kwa kuona haya kwamba sina cha kuwakirimu. Na nilikuwa nimemfungia yeye. Toka Unguja hakuwa amepata mtu wa kusema naye kile Kiarabu chake cha utotoni. Mwanawe alikijua cha kazini, mimi changu cha msahafuni tu, na mlangoni walikuwa wamesimama wanawake watano wanaokisema, nami nikamwambia asitikisike.

Tangu siku hiyo akawa anakwenda kila asubuhi na kurudi alasiri. Kisha akawa anarudi magharibi. Halafu joto likazidi, akasema kwa yule bibi wa barakoa upepo unapita vizuri kwenye makuti, akalala huko usiku mmoja. Akalala wa pili. Siku ya tano mume wangu akenda kumchukua.

Akarudi peke yake. Akavua viatu, akakaa kwenye kidaraja.

"Mama hataki kurudi," akasema.

"Kwa nini?"

"Kasema yeye kukaa kabatini kumemtosha. Nikamuuliza kabati gani. Kasema nikuulize wewe."

Nilikuwa nakatakata nyanya. Niliendelea, na kila kipande kilitoka kibaya kuliko kilichotangulia. Hakuniuliza tena. Alisema tu kwamba kuna wenzake kazini wanaotoka Bawshar, wana jamaa zao katika wale wavuvi, na haitapita wiki watajua kuwa mtu anamwacha mama yake akalale kwa watu baki. Mama akimkimbia mwanawe, hakuna anayeuliza sababu. Lawama ni ya mtoto na mkewe. "Nenda wewe," akasema. "Mimi sijui nilichomkosea. Labda wewe unajua."

Nikaenda kesho yake asubuhi. Nilijitanda vizuri, nikajifunga moyo, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya Kiarabu ya kuomba radhi, nayasahau, nayapanga upya. Niliamua kwamba nitasema mbele ya wote. Nitasema tulikuwamo ndani, mimi ndiye niliyekataa kufungua, mama hana makosa. Nilijua nikishasema hivyo hatakuwa na sababu ya kukataa kurudi.

Nilipokaribia ua nikasikia mtu anacheka. Kicheko kikubwa, cha kukatika pumzi. Nilikuwa nimeishi na mama mkwe wangu miaka sita na sikukijua kicheko chake. Ilibidi nichungulie penye ufa wa makuti ndipo nikaamini kuwa ni yeye, amekaa katikati ya wenzake, amenyoosha miguu, ushungi umemwanguka mabegani.

Nikabisha. Kicheko kikakatika. Wote wakainuka, wakaja wakanishika mikono, wakaniuliza kitu kwa pamoja. Nikadhani ni salamu, nikajibu alhamdulillahi. Wakauliza tena. Yule bibi wa barakoa akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo, akatikisa kichwa. Mama akanifasiria, hakunitazama usoni.

"Wanauliza homa imekwisha? Nimewaambia zile siku walizokuja ulikuwa umeshikwa na homa ya baridi, huwezi hata kuinuka. Wanasema walijua. Waliona gari lote linatetemeka."

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa uongo. Ndiye yule yule aliyerudi nusu saa kwa miguu huko Matrah kumrudishia muuza duka ndimu moja aliyomzidishia. Na uongo aliosema katika uzee wake aliusema kwa ajili yangu, ili mimi nipate kuingia ua ule nikakae na watu. Yale maneno yangu ya Kiarabu yakanikauka mdomoni. Ningesema kweli, ningemfanya yeye mwongo mbele ya rafiki aliowapata kwa shida. Nisiposema, nabaki kuombewa afya na wanawake niliowafungia mlango. Nikakaa mkekani.

Bibi wa barakoa akaingia ndani akatoka na kikombe. Wote wakageuka kunitazama. Ilikuwa shubiri, imekorogwa kwa maji, kijani kinachoelekea weusi. Akanifahamisha kwa mkono kuwa ninywe yote, nisiache tone, ndiyo inayong'oa homa. Kulikuwa na tende kwenye sinia karibu yangu na hakuna aliyenizuia kuchukua moja kwanza. Sikuchukua. Nikainywa mpaka chini, ulimi ukafa, machozi yakanitoka, nao wakanipiga mgongo wakisema "maskini, maskini" kwa lugha yao.

Mama alikuwa ananitazama muda wote, kwa mara ya kwanza tangu niingie. Nilipoweka kikombe akaniuliza, kwa Kiswahili, wenzake wasisikie maana:

"Ushapona?"

Nikamwambia, "Bado, mama."

Akajivuta akanipisha nafasi mkekani karibu yake. "Basi njoo na kesho."