Tairi Kubwa Mbele ya Mama Mkwe

Miaka ya hamsini nilikuwa dereva wa lori la pamba Shinyanga, na majivuno yangu yalikuwa mazito kuliko mzigo. Siku moja nikapata tairi za nyuma, pamoja na rimu zake, kutoka lori bovu la mgodini Geita. Nilipozifunga, lori langu likainama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Nikaona raha kweli. Tairi kubwa, nguvu kubwa!

Fundi wa gereji akaniambia, "Bwana, injini ni ileile. Gurudumu hilo kila likizunguka linakwenda mbali zaidi, kwa hiyo ni zito kulizungusha. Gia yako ya kwanza umeigeuza ya pili. Tambarare utakimbia, mlimani utanikumbuka."

"Kazibe pancha za baiskeli wewe!" nilimjibu mbele ya watu, wakacheka. Mjinga mimi.

Na tambarare nilikimbia, nikiwapita wenzangu kwa honi.

Mke wangu alikuwa amekwenda kwao, upande wa Didia, kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Nilipofika huko uchungu ulikuwa wa siku ya pili, na wakunga wakasema apelekwe hospitali mjini upesi. Tukamlaza nyuma ya lori juu ya magunia, mama yake akampakata kichwa. Mama huyo sikuwahi kumtazama usoni. Kwetu Wasukuma mkwe ni mkwe: tukikutana njiani yeye hujifunika kanga na kupita porini, nami nageukia pembeni.

Tukateremka kwenye korongo la mto mkavu. Kupanda ng'ambo, lori likatetemeka, likazima. Nikawasha, nikatia gia ya kwanza, likazima tena. Mara ya tatu klachi ikaanza kunuka. Kilima chenyewe, jamani, kwa tairi za zamani nilikipanda na pamba tele! Huko nyuma mke wangu analia, nami nimemkumbuka fundi.

Nikasikia hatua. Mama mkwe alikuwa amesimama dirishani kwangu, uso wazi, kanga ameifunga kiunoni.

"Mwanangu, nisukume wapi?"

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaweka bega nyuma ya lori, mama mtu mzima, mimi nimekalia kiti. Alisukuma peke yake hadi wachunga ng'ombe walipotokea kutusaidia. Jua lilikuwa limefika utosini.

Hospitali walimwokoa mke wangu. Mtoto alitoka kimya, hakulia.

Nesi akaja akatuuliza kwa ukali, "Mlichelewa wapi nyinyi?"

Mama mkwe alikuwa ameshajifunika tena, amegeukia ukutani. Alijua. Siku nilipomleta mke wangu kwao na tairi zile, kijiji kizima kilinisikia nikijisifu jinsi nilivyomcheka fundi.

"Barabara mbaya, mayu," alijibu taratibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Nesi akanigeukia mimi. Nikaitikia kwa kichwa.